Waliandika "tempo", kosa lilikuwa la mdundo: kasi, mdundo na lahani katika kwaya zetu

alto_wa_Kisumu (mwanzilishi wa uzi)

Wanajukwaa, hamjambo? Mimi hufundisha kwaya ya kanisa hapa Kisumu, waimbaji 32 wanapokuwa wamefika wote, jambo ambalo hutokea Pasaka na Krismasi. Majuzi tulishiriki mashindano ambayo sitayataja, tukarudi nyumbani na karatasi ya waamuzi yenye neno moja lililopigiwa mstari mara mbili: tempo, yaani kasi. Kwa wiki mbili nzima nilifanya kile ambacho mwalimu yeyote wa kwaya angefanya. Niliweka simu juu ya meza ikigonga mapigo, nikawalazimisha waimbaji wangu kwenda nayo, na walipoweza kwenda nayo bila kukosea hata mara moja, wimbo ulibaki umelala vilevile.

Ndipo nilipoamua kurekodi mazoezi na kusikiliza nikiwa peke yangu nyumbani. Kasi ilikuwa 76 kwa dakika mwanzoni na 76 mwishoni, kwa hiyo hapakuwa na tatizo la kasi hata kidogo. Tatizo lilikuwa kwa tena, yaani wanaume wa sauti ya juu, na lilikuwa mahali pamoja tu, ambapo ubaoni nilikuwa nimeandika hivi kwa solfa, yaani noti kwa herufi, d kwa *do*, r kwa *re*, m kwa *mi*:

| d :- .r | m :m |

Wenye kusoma solfa wataona kwamba *do* inashikwa kwa pigo moja na nusu, kisha *re* inachukua nusu iliyobaki. Tena wangu walikuwa wakiimba | d :r | m :m |, yaani kila noti pigo moja, kama watu wanaopanda ngazi. Tazameni sasa jinsi kosa hili linavyojificha: jumla ya mapigo ni ileile, hakuna aliyechelewa wala aliyewahi, na simu iliyokuwa ikigonga mezani haikuwa na namna ya kulifichua. Mwamuzi alisikia wimbo mzito, akaandika neno lililokuwa karibu na kalamu yake.

Nimeanzisha uzi huu kwa sababu naamini kwaya nyingi huku kwetu huchanganya mambo haya, na mkanganyiko huo unatupotezea miezi. Kasi ni idadi ya mapigo katika dakika moja, basi. Pigo lenyewe mara nyingi halisikiki. Ni kitu ambacho mguu unakijua. Mdundo ni namna sauti ndefu na fupi, nzito na nyepesi, zinavyopangwa juu ya mapigo hayo. Lahani ni njia ambayo sauti inapita ikipanda na kushuka. Unaweza kubadilisha kimoja na kuacha viwili vingine jinsi vilivyokuwa, na hiyo ndiyo njia bora ya kujua umekosea wapi.

Jumamosi iliyopita niliwafanyia jaribio dogo. Nilipiga makofi mdundo wa wimbo ambao wote wanaujua, bila kutoa sauti, na kabla sijamaliza mstari wa pili dada mmoja wa sauti ya kwanza alikuwa ameshautaja. Kisha nikachukua wimbo mwingine wanaoujua vilevile, nikaimba lahani yake sahihi lakini kila noti kwa urefu sawa. Walinitazama kama mgeni aliyepotea njia. Ndiyo maana nimeanza kushuku mazoea yetu ya kufundisha lahani kwanza, sauti moja baada ya nyingine kwenye kinanda, na kutumaini kwamba mdundo utajileta wenyewe.

Kwa wanaoanza, mimi hutumia majina ya mahali kufundisha namna pigo moja linavyogawanywa. Piga kofi taratibu, na ndani ya kila kofi useme jina mara moja: "Homa, Homa". Hapo umegawa pigo kwa mbili. Sema "Kondele, Kondele", umegawa kwa tatu. Sema "Kakamega, Kakamega", umegawa kwa nne. Makofi hayabadiliki, na kasi haibadiliki, ingawa mdomo unafanya kazi mara mbili zaidi. Manamba wanaoita abiria wa matatu pale stendi wanafanya hivyo kuanzia alfajiri na hakuna aliyewafundisha.

Nakaribisha mawazo yenu, hasa ya walio na uzoefu wa ala za kwetu.

---

besi_wa_nyuma (Kakamega)

Mwalimu, umenigusa mahali panapouma, maana mimi ni miongoni mwa wale wanaolaumiwa kila mara kwamba "besi wanavuta". Nakubaliana nawe kabisa, lakini ningependa kuongeza jambo moja kuhusu Kondele yako, kwa maana ya kugawa pigo kwa tatu.

Sisi Waluhya tuliokulia Isukha na Idakho tulikutana na mgawanyo huo kabla ya kujua kuhesabu. Isukuti, ngoma yetu ya kucheza ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, hupigwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya swala na njuga. Mgeni akisimama karibu na ngoma moja tu atadhani mpigaji amepotea, kwa kuwa hakuna ngoma moja inayobeba mdundo wote. Mdundo unaousikia ukiwa mbali uko baina yao, na mpigaji mmoja akiondoka kwenda kunywa maji, wenzake wanaendelea kwa kasi ileile lakini wimbo unakuwa mwingine.

Anayetaka kuonja jambo hili akiwa ameketi kwenye kiti afanye hivi: ahesabu moja hadi sita bila kusita, mkono wa kulia ugonge meza kwenye moja, tatu na tano, na wa kushoto ugonge kwenye moja na nne. Matokeo yake ni: yote miwili, kulia, kushoto, kulia. Kulia kumegawa muda uleule kwa tatu, kushoto kumeugawa kwa mbili, na hakuna mkono ulio sahihi kuliko mwingine. Watoto wa kijijini kwetu huweza kufanya hivyo wakitembea. Mimi nilimwona mwalimu mmoja wa kinanda, mwenye vyeti vyake, akishindwa kwa dakika kumi.

Nasema haya kwa sababu kwaya zetu zinapoimba nyimbo zilizotoka ng'ambo huwa tunauacha utajiri huo mlangoni pamoja na viatu. Tunahesabu moja-mbili-tatu-nne kama askari wa gwaride, kisha tunashangaa kwa nini waumini hawachezi.

---

mgeni_Nakuru

Shikamooni wakubwa. Niko Nakuru, ndiyo nimepewa kikundi cha vijana kukifundisha, na sina simu ya kuweka programu za kugonga mapigo. Je, kuna njia ya kupima kasi bila kifaa? Na maneno kama *andante* na *allegro* yaliyoandikwa juu ya karatasi za nyimbo nayachukuliaje?

---

alto_wa_Kisumu

Marahaba, ndugu yangu, na hongera kwa jukumu hilo.

Njia rahisi ni saa ya ukutani. Mshale wa sekunde unatembea mara 60 kwa dakika. Ukipiga makofi mawili kwa kila sekunde unapata 120, na hiyo inakaribia mwendo wa gwaride. Lakini njia ninayoipenda zaidi ni ya kamba na kufuli. Funga kufuli kwenye uzi, ning'iniza kwenye msumari, kisha uliachie libembee kidogo. Uzi ukiwa na urefu wa karibu mita moja kutoka msumarini hadi katikati ya kufuli, kila mbembeo wa kwenda huchukua sekunde moja, na wa kurudi vilevile, kwa hiyo unapata mapigo 60. Ukiupunguza hadi sentimita 44 unapata takriban 90, na kwa sentimita 25 unapata 120. Kwa wimbo wangu wa 76 nilikata uzi wa sentimita 62. Uzito wa kufuli haubadilishi kitu. Kinachoamua ni urefu wa uzi. Tena kufuli lina faida ambayo simu haina, kwamba waimbaji wanaliona likija, na pigo linaloonekana likija ni rahisi kulipokea kuliko lile linalokugonga sikioni likiwa limeshafika.

Kifaa chenyewe cha kupimia mapigo, metronomu, kinafuata kanuni hiyohiyo ya kubembea. Dietrich Winkel alikiunda Amsterdam mwaka 1814, na mwaka uliofuata Johann Maelzel akakiongezea vipimo na kujiandikishia hataza kwa jina lake, na hadi leo herufi M.M. zilizo juu ya karatasi nyingi za muziki zinamtaja Maelzel wala si Winkel. Wanaofanya kazi na wanaosajili kazi wamekuwa watu tofauti tangu zamani. Beethoven alikuwa miongoni mwa watunzi wa mwanzo kuandika nambari za kifaa hicho katika kazi zake.

Kuhusu *andante* na *allegro*, hayo ni maneno ya Kiitaliano yaliyotumika muda mrefu kabla ya nambari, na yanaeleza hali ya moyo pamoja na kasi: *andante* linatokana na kitenzi cha kutembea, *allegro* lina maana ya uchangamfu. Usiyafanye kuwa sheria. Ukumbi wenye mwangwi mkubwa unadai kasi ndogo kuliko chumba kidogo chenye mapazia, hata kama karatasi ni moja.

Na jambo la mwisho kwa vijana wako: wachunguze wanapoimba kwa nguvu. Kwaya karibu zote zikipaza sauti hukimbia, na zikishusha sauti hulala. Chukua kifungu cha mapigo 96, ukipime kwa saa. Kwa kasi ya 72 kinapaswa kuchukua sekunde 80. Kikikuishia katika sekunde 70, huna haja ya mwamuzi kukwambia kilichotokea.

---

mwalimu_wa_lugha (Maseno)

Nimesoma kwa furaha, lakini naomba kumsahihisha dada mwalimu kuhusu Kondele. Mkazo wa maneno ya Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na jina hilo tunalitamka kwa kufuata kanuni hiyohiyo: tunasema ko-NDE-le. Ukiwafundisha waimbaji kupiga kofi kwenye "Ko", unawafundisha kuweka uzito mahali ambapo ulimi hauweki. Manamba uliyemsifu hafanyi hivyo. Msikilize vizuri kesho asubuhi: kofi lake analolipiga ubavuni mwa gari linaangukia "nde".

Hili si jambo dogo, kwa kuwa ndilo linaloharibu nyimbo zetu nyingi zilizotafsiriwa. Chukua maneno "Baba yetu wa mbinguni". Tunapoyasema, uzito uko kwenye BA, YE na NGU. Sasa yaweke kwenye lahani ya kigeni inayoanza na noti nyepesi na kufuatiwa na nzito, na utapata ba-BA ye-TU wa-MBI ngu-NI. Kila noti ni sahihi, kasi ni sahihi, na bado mtu mwenye lugha yake anahisi kama anatafuna kokoto. Kuna nyakati ambapo maana yenyewe huhama. Neno *barabara* likikazwa kwenye silabi ya tatu ni njia ya magari. Likikazwa kwenye ya pili ni "sawasawa, ipasavyo". Nimewahi kusikia kwaya ikiahidi kumtumikia Mungu barabara, na kwa jinsi walivyoimba, waliahidi kumtumikia lami.

Dholuo, lugha ya Waluo, nayo inahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe, na ndivyo ilivyo katika lahaja nyingi za Kiluhya. Mtunzi anayezijua lugha hizi haanzi na lahani tupu. Anasema mstari wake kwanza, anasikiliza unapanda wapi, kisha lahani inafuata mlima huohuo.

---

alto_wa_Kisumu

Mwalimu, nimekubali, na nimekubali kwa aibu kidogo, maana nilikwenda stendi asubuhi ya leo na kusikiliza. Kofi linaangukia "nde" kama ulivyosema.

Lakini nadhani umenipa zana bora zaidi kuliko uliyoninyang'anya. Tukiiandika Ko | NDE-le-Ko | NDE-le-Ko, pigo bado limegawanywa kwa tatu, na ile "Ko" ya mwanzo imekuwa noti inayotangulia mstari, yaani noti nyepesi inayoingia kabla ya pigo la kwanza lenye uzito. Kwa miaka mingi nimehangaika kuwaeleza waimbaji jambo hilo, na wengi huingia na noti hiyo kana kwamba wanapiga mlango teke. Kumbe walikuwa wanaitamka vizuri kila wanapoabiri matatu.

Na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini nyimbo nyingi za tafsiri huanza na "Ee". Lile "Ee" linaikalia noti nyepesi ya mwanzo ili BA ya "Baba" ianguke mahali pake. Maneno ya silabi tatu kama "Mwokozi" nayo yanaingia vizuri, kwani uzito wake uko katikati. Wenye kutafsiri wachague kwa sikio la namna hiyo kabla ya kuhesabu silabi kwa vidole.

---

gita_la_Siaya

Naomba nafasi, japo mimi si mtu wa kwaya. Mimi ni mpiga gita la besi, na babu yangu alipiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo.

Kama mnataka kuona mambo haya matatu ndani ya mwili wa mtu mmoja, mtazameni mpiga nyatiti. Ameketi kwenye kigoda kifupi, vidole vyake viko kwenye nyuzi nane, kidole gumba cha mguu kimevaa pete ya chuma, *oduong'o*, inayogonga ukingo wa chombo, na mguuni kuna *gara*, njuga zinazolia kwa kila mtikisiko. Mguu unashika kasi. Mikono inafuma mdundo. Mdomo unabeba lahani na habari ya marehemu, kwa kuwa mara nyingi yuko matangani. Nilipokuwa mdogo nilidhani pete ile ni pambo. Siku moja babu aliivua kwa sababu kidole kilikuwa na kidonda, akajaribu kupiga bila hiyo, na baada ya muda mfupi akaacha na kusema kwamba nyuzi hazijui ziende wapi.

Waliohamishia mambo hayo kwenye gita ndio walioleta benga, muziki wa magita wa Waluo, akina Daniel Owino Misiani na wenzake. Wengi husema benga "inaongeza kasi" mwimbaji anaponyamaza na magita yakachukua usukani. Nimepiga muziki huo zaidi ya miaka 20, na nawaambia kwamba mara nyingi kasi haijaguswa. Kilichoongezeka ni idadi ya noti ndani ya pigo lilelile: magita mawili yanajibizana, moja linajaza pengo la jingine, na ngoma ya mguu inagonga kila pigo bila huruma. Anayecheza anahisi amesukumwa. Bendi changa ndizo hukimbia hapo kwa kweli, na zikifika mwisho mwimbaji hawezi tena kuyatamka maneno.

Kwa Waluhya nako kuna omutibo, mtindo wa gita kavu, yaani lisilo la umeme, aliovuma nao George Mukabi. Kidole gumba kinapokezana kwenye nyuzi za besi bila kupumzika, kidole cha shahada kinachukua lahani juu yake, na mwenzako anakwaruza na kugonga chupa ya soda, ya Fanta hasa, kwa sababu ya ile migongo yake. Anayejifunza omutibo huambiwa apige gumba peke yake hata wiki mbili kabla ya kuruhusiwa kugusa lahani. Kwa hiyo, dada mwalimu, shaka yako kuhusu kuanza na lahani ina wenzake.

---

mgeni_Nakuru

Asanteni sana. Nimefunga kufuli la mlango wa stoo kwenye uzi na linafanya kazi, ingawa mwenye stoo analitafuta. Swali langu la pili: lahani mmeitaja kidogo tu. Je, haina sheria zake?

---

alto_wa_Kisumu

Inazo, na ni kweli nimeipita haraka kwa sababu ndiyo sehemu ambayo kwaya zetu haziihitaji sana; masikio yetu ni mazuri. Kwa ufupi, sauti ni mtikisiko, na *la* ambayo ala nyingi duniani hulinganishwa nayo hutikisika mara 440 kwa sekunde. Ukiuzidisha mtikisiko huo mara mbili, 880, unapata *la* nyingine juu yake, ambayo sikio huipokea kama mtoto wa ile ya kwanza. Kati ya hizo mbili ndimo ngazi ya solfa inamokaa. Lahani inayotembea hatua kwa hatua, d r m, inaimbika na kila mtu. Inayoruka, kama d hadi l, inakumbukwa zaidi lakini inadai pumzi na ujasiri. Wimbo mzuri wa ibada huwa na miruko michache, nayo huwekwa kwenye maneno yanayostahili.

Solfa tunayoitumia ilienezwa na John Curwen wa Uingereza katika karne ya 19, akijenga juu ya kazi ya mwalimu mwanamke wa Norwich, Sarah Glover, na wamisionari wakaileta huku kwa kuwa inachapika kwa herufi za kawaida. Noti ya saba iliitwa *si* zamani. Ikageuzwa *ti* ili kila noti iwe na herufi yake, maana *so* ilikuwa imeshaichukua s.

Na kama unataka mfano mmoja wa lahani kubaki huku mengine yakibadilika, uko kila mahali nchini. Wimbo wetu wa taifa ulitayarishwa mwaka 1963 na kamati ya wanamuziki watano, wakiwemo Graham Hyslop, George Senoga-Zake na Washington Omondi, na lahani yake ilitokana na wimbo wa kubembelezea mtoto wa Wapokomo wa Mto Tana. Mama akibembeleza huenda polepole, kwa kasi ya mkono unaopapasa mgongo, na hana haja ya uzito kwenye pigo la kwanza kwa sababu hataki mtoto ashtuke. Uwanjani, mbele ya bendi ya shaba, noti za ukoo huohuo zinasimama wima.

---

besi_wa_nyuma

Mwalimu, na wale tena wako je? Umetuacha njiani.

---

alto_wa_Kisumu

Jumamosi hii sikugusa kinanda kwa dakika 40 za mwanzo. Niliwasimamisha tena wote saba, wakawa wanakanyaga sakafu kwa zamu, kulia, kushoto, huku kufuli likibembea mbele yao, na kwa mdomo wanasema "doo-re mi mi" bila kupandisha wala kushusha sauti, kama watu wanaosoma tangazo. Mara ya kwanza *re* iliangukia kwenye mguu wa kushoto, palepale ilipokuwa ikiangukia siku zote. Nikawaambia wasiitoe mpaka mguu wa kushoto uwe umeshatua na wa kulia uko hewani. Watu wawili walipoteza hatua, mmoja akacheka, tukaanza upya. Kwenye jaribio la sita hivi nilisikia kwa mara ya kwanza ule mshtuko mdogo kabla ya *mi*, na sauti ya kwanza, waliokuwa wamekaa pembeni wakipiga soga, wakanyamaza.

Tulipoirudisha lahani, tena wanne waliishika na watatu wakarudi ngazini. Hao watatu nimewapa uzi wa sentimita 62 kila mmoja.